Kiinimacho cha ukubwa na uzito

Kiinimacho cha ukubwa na uzito ni hali inayompata mtu anaponyanyua vitu viwili vyenye uzito sawa lakini ukubwa tofauti: kile kidogo humlemea zaidi. Huwapata karibu watu wote, na haiondoki hata baada ya mhusika kuoneshwa kwenye mizani kwamba vitu hivyo viko sawa. Mahali ambako mizigo bado hubebwa kwa mikono, mabega na vichwa, kama Kariakoo jijini Dar es Salaam, jambo hili linagusa usalama wa wachukuzi na haki kati ya muuzaji na mnunuzi.

Jinsi jicho linavyouandaa mkono

Mkono hausubiri kuujua uzito ndipo utie nguvu. Kabla vidole havijagusa mzigo, jicho limekwisha kuona ukubwa wake na kitu ulichotengenezwa nacho, na ubongo umekwisha kukadiria nguvu ya kubana na ya kuinua. Makadirio hayo hutokana na mazoea: kikubwa huwa kizito kuliko kidogo, chuma huwa kizito kuliko mbao. Katika miaka ya 1980, Roland Johansson na Göran Westling wa Umeå, Sweden, walipima nguvu za vidole vya watu waliokuwa wakinyanyua vitu. Walionesha kwamba kitu kikiwa chepesi kuliko kilivyotarajiwa huinuka ghafla, na kikiwa kizito kuliko kilivyotarajiwa hukawia kuondoka chini mpaka ubongo uongeze nguvu.

Aliyewahi kunyanyua dumu la lita 20 akidhani limejaa, kumbe ni tupu, anaijua hali hiyo. Mkono hupaa na mwili huyumba, kwa sababu misuli ilikwisha kujiandaa kwa kilo 20 za maji.

Historia ya utafiti

Mjerumani Ernst Heinrich Weber alichapisha mwaka 1834 uchunguzi wake juu ya tofauti ndogo ya uzito ambayo mkono unaweza kuitambua, na akaonesha kwamba tofauti hiyo hutegemea uzito wa mzigo wenyewe. Mwaka 1891 tabibu Mfaransa Augustin Charpentier alieleza jaribio lake la tufe mbili zenye uzito sawa, moja ya kipenyo cha milimita 40 na nyingine ya milimita 100. Ile ndogo ilihisiwa kuwa nzito zaidi. Kabla karne hiyo haijaisha, watafiti waligundua pia kiinimacho cha maada: vitu viwili vikiwa sawa kwa ukubwa na uzito, kinachoonekana kuwa cha mbao huhisiwa kizito kuliko kinachoonekana kuwa cha chuma.

Mwaka 1993 watafiti Ellis na Lederman walionesha kwamba jicho si njia pekee. Mtu akifumba macho lakini akakishika kitu na kuujua ukubwa wake kwa kiganja, kiinimacho hubaki na nguvu zake. Akikiinua kwa uzi huku amefumba macho, hata ukubwa asiujue, kiinimacho hutoweka.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba sababu ni makosa ya mkono: kitu kikubwa hutiliwa nguvu nyingi, kikapaa, kikaonekana chepesi. Mwaka 2000 Randall Flanagan na Michael Beltzner waliitia dosari hoja hiyo. Watu walinyanyua vitu viwili vya uzito sawa kwa kurudiarudia. Baada ya mara chache vidole vilijifunza kutumia nguvu sahihi kwa kila kimoja, lakini wahusika waliendelea kuhisi kwamba kidogo ni kizito zaidi. Mkono ulijirekebisha, hisia haikujirekebisha. Kuhusu chanzo chake, wapo wanaosema ubongo hulinganisha uzito halisi na ule uliotarajiwa, kisha huikuza tofauti. Wengine husema mtu huhisi densiti ya kitu pamoja na uzito wake. Mjadala huo bado haujafungwa.

Mizigo ya Kariakoo

Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na liliungua moto Julai 2021. Katika mitaa inayolizunguka, kama Msimbazi, Congo na Swahili, mizigo hupita kwa mikokoteni, maguta na migongo ya wachukuzi.

Hapo ukubwa na uzito havifuatani. Belo la mitumba hushindiliwa kwa mashine, na la kilo 45 hutoshea mahali padogo. Godoro la sponji hujaza guta zima ilhali mtu mmoja hulinyanyua peke yake. Katoni ya misumari kutoka maduka ya vifaa vya ujenzi ya Gerezani yaweza kuwa ndogo kuliko katoni ya biskuti na bado ikauvunja mgongo wa asiyeijua. Mchukuzi mzoefu hushika pembe ya gunia na kuliinamisha kidogo, ajue ukinzani wake, ndipo aombe kutwishwa. Kwa kufanya hivyo anaupa mwili taarifa ambayo jicho haliwezi kuitoa. Pendekezo Na. 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linaweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kawaida wa mwanamume mtu mzima, na magunia mengi sokoni hukipita kikomo hicho.

Lumbesa

Kuamini jicho kuna gharama pia katika biashara. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita mdomo wake, kisha likaongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba. Kwa kuwa bei hupangwa kwa gunia, mkulima wa viazi au vitunguu hulipwa gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na ufungashaji wa lumbesa umepigwa marufuku. Kuupima mzigo kwa kuuinua hakumwokoi mkulima, kwa sababu kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo mkono unavyoelekea kuuona mwepesi kuliko ulivyo.

Jaribio

Chukua kopo dogo na ndoo ndogo ya plastiki. Tia mchanga katika vyote viwili mpaka mizani ioneshe uzito sawa, tuseme kilo moja, kisha mwombe mtu anyanyue kimoja baada ya kingine. Wengi watasema kopo ni zito, na watarudia kusema hivyo hata baada ya kuiona mizani.

Kwa hiyo mchukuzi na aujaribu mzigo kabla ya kujitwika, na anayeuza au kununua adai kilo zilizosomwa kwenye mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo.