Kutoka NPF hadi Kikokotoo

Mwaka 1964 wafanyakazi wa Tanganyika walipoteza jambo moja na kupata jingine. Baada ya maasi ya askari ya Januari, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa. Mahali pake ikaja NUTA, chama kimoja kilichoundwa kwa sheria, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mwaka huohuo ukaanzishwa Mfuko wa Akiba wa Taifa, NPF. Akiba ilipatikana, lakini aliyepaswa kuihoji serikali kuhusu akiba hiyo sasa alikaa ndani ya serikali. Naamini mengi yaliyofuata yalianzia hapo.

NPF haikutoa pensheni. Mwanachama alirudishiwa michango yake na riba kwa mara moja, basi. Mfumuko wa bei wa miaka ya 1980 uliila thamani ya fedha hizo kabla hazijamfikia mwenyewe. Sheria ya mwaka 1997 ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, uliochukua nafasi ya NPF, ilileta pensheni ya kila mwezi, kwa sharti la kuchangia miezi 180 na kufikisha miaka 60, au 55 kwa anayestaafu kwa hiari.

Kwa mwalimu au karani, 55 ni umri unaofikika kazini. Kwa mchimbaji wa mgodini ambaye mkataba wake umeisha akiwa na miaka 38, ni miaka 17 ya kungoja bila mshahara. Kimbilio lake lilikuwa fao la kujitoa, yaani kuchukua michango na kwenda kujaribu maisha mengine. Mwaka 2012 marekebisho ya sheria yalipolifuta, migodi ilichemka na serikali ikalegeza msimamo. Baadaye likaja fao la upotevu wa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita.

Agosti 2018 mifuko mingine ya pensheni, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa kuwa mfuko wa watumishi wa umma, PSSSF, na kanuni mpya za kukokotoa mafao zikafuata. Hapo neno kikokotoo, yaani fomula ya hesabu hiyo, likaingia katika kila ofisi ya walimu nchini. Chukua mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa shilingi milioni moja kwa mwezi na utumishi wa miaka 30. Kwa hesabu ya zamani ya PSPF, mkupuo wa asilimia 50, yaani sehemu ya mafao inayolipwa mara moja anapostaafu, ulimpa shilingi milioni 62, na pensheni ya kama 333,000 kwa mwezi. Kwa kanuni mpya, mkupuo wa asilimia 25 ulishuka hadi milioni 23 na ushei, pensheni ikipanda hadi 465,000 hivi. Watetezi wa kanuni walisema mifuko isingehimili malipo ya zamani, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mtu aliyepanga kumalizia nyumba kwa mkupuo ule alibadilishiwa hesabu akiwa mlangoni pa kustaafu. Hiyo haikuwa haki.

Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli, akikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, aliagiza hesabu za zamani ziendelee hadi 2023. Julai 2022, baada ya mazungumzo ya serikali, waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote. Manung'uniko hayakuisha. Bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 kwa hesabu za zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Mwaka 2012 na tena 2018, kanuni ilitangulia na mazungumzo yakaja baada ya kelele. Vyama vya wafanyakazi vidai rasimu ya kikokotoo kijacho isomwe matawini, kwa mfano wa shilingi na miezi kama huo hapo juu, kabla haijasainiwa.