Mfalme Khama na Vita Vyake na Kileo

Ndugu wasomaji, mara nyingi twasikia watu wakisema ya kuwa pombe ni desturi ya wazee wetu, na ya kwamba mtu aiachaye ameiga mambo ya kigeni. Basi nataka kuwasimulia habari za mfalme mmoja Mwafrika aliyepigana na kileo karibu miaka 50, ili mpime wenyewe kama maneno hayo ni kweli.

Khama alikuwa mwana wa Sekgoma, mfalme wa Wangwato, katika nchi iliyoitwa Bechuanaland, ambayo tangu mwaka 1966 yaitwa Botswana. Alibatizwa mwaka 1860, angali kijana. Mji wao, Shoshong, ulikuwa katika njia ya wafanya biashara Wazungu waliokwenda kaskazini kutafuta pembe za ndovu na manyoya ya mbuni. Magari yao ya ng'ombe yalileta nguo na bunduki. Yalileta pia mapipa ya mvinyo mkali. Mvinyo huo haukuwa kama pombe ya mtama. Pombe ya mtama nguvu zake si nyingi, bali mvinyo humlewesha mtu upesi, na mlevi hana macho ya kupima bei. Huuza kwa hasara, na akilevuka hana kitu.

Khama alipoushika ufalme imara mwaka 1875, aliukataza mvinyo katika nchi yake yote. Wafanya biashara wengine hawakujali. Wakanywa, wakalewa, wakapigana. Khama akaenda mwenyewe kuyaona kwa macho yake, kisha akawaita, akawaamuru watoke katika nchi. Mmoja wao alimsihi kwa ajili ya urafiki wa siku nyingi, lakini mfalme hakugeuza neno lake. Walifunga mizigo yao wakaenda zao. Miaka ya baadaye alimwandikia mkubwa wa serikali ya Kiingereza ya kuwa aliogopa kileo cha Wazungu kuliko mikuki ya Wamatabele, maana mkuki huumiza mwili tu, bali kileo huharibu na roho.

Nchi ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu mwaka 1885. Mwaka 1895 Kampani ya Cecil Rhodes ilitaka kukabidhiwa nchi hiyo. Khama akaondoka pamoja na wafalme wawili, Sebele wa Wakwena na Bathoen wa Wangwaketse, wakavuka bahari mpaka Uingereza. Walizunguka miji mingi wakieleza shauri lao: wasinyang'anywe ardhi, wala kileo kisifunguliwe mlango katika nchi zao. Watu wengi makanisani, na wale waliokuwa wakipinga ulevi, waliwaunga mkono. Mwezi wa Novemba waziri Joseph Chamberlain aliamua ya kuwa watakaa chini ya ulinzi wa Malkia, na katazo la kileo litadumu. Iliwapasa kutoa kipande cha ardhi kwa ajili ya reli, na kulipa kodi. Lakini sehemu kubwa ya nchi ilisalimika. Basi twaona ya kuwa kwa watu hawa ulevi na ardhi vilikuwa shauri moja, kwa maana alewaye hawezi kulinda mpaka wake.

Lakini yafaa nieleze na upande wa pili. Khama aliikataza hata pombe ya mtama, na hapo alipata taabu kubwa kuliko ile ya mapipa. Pombe ile ilikuwa chakula cha karamu na ujira wa watu waliokuja kusaidiana kulima. Wanawake ndio walioipika. Watu wakanung'unika, wengine wakapika kwa siri, wala haikukoma kabisa mpaka Khama alipofariki mwaka 1923. Mgeni mwenye mapipa aweza kufukuzwa kwa amri. Chungu kilicho nyumbani hakifukuziki hivyo. Chungu hicho humngoja mwenye nyumba aamue mwenyewe.

Hata wazao wake hawakuuacha mzigo huo. Mwaka 2008 Rais Ian Khama, kitukuu chake, aliongeza ushuru wa asilimia 30 juu ya vileo. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi ya kuwa hakuna kipimo cha kileo kisicho na hatari kwa afya, kwa kuwa kileo huharibu ini na huleta saratani za namna nyingi.

Basi, ndugu zangu, anayetaka kuacha asingoje amri ya mfalme. Aanze kwa kupunguza, na fedha aliyozoea kuinywa aiweke pembeni, aihesabu mwisho wa mwezi. Awaambie jamaa zake nia yake, wamsaidie. Na siku ya kulima, wenye kusaidiana wapikiwe uji na chakula cha kushiba. Lakini aliyezoea kunywa sana kila siku asikate kwa ghafula pasipo kumwona tabibu, kwa maana mwili wake waweza kupatwa na hatari.

Khama hakuwa mgeni kwa wazee wake. Alikuwa mwana wa mfalme wao, aliyeipenda nchi yake akaona kinachoila. Nasi tuitazame nyumba yetu vivyo hivyo, tuone ni nini kinachoila.