Usukani Umepanda Newala, Omo Imebaki Pwani

Gari linalopanda Uwanda wa Makonde kwenda Newala linakwenda kwa maneno ya jahazi. Dereva ameshika usukani, neno la Kiarabu ambalo kwanza lilikuwa la ule ubao wa nyuma unaoelekeza chombo majini. Mzigo nyuma ni shehena. Jioni vijana wakicheza mpira, mkubwa wa timu ni nahodha, yaani bwana wa chombo kwa Kiajemi. Na haya yote ni katika mji usio na bahari, ambako kwa miaka na miaka kina mama waliteremka magenge kufuata maji mabondeni.

Maneno hayo yalipanda kwa miguu, pamoja na misafara ya Lindi na Mikindani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, aliyekwisha kuandika kitabu cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, aliwapeleka Masasi watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alipiga kambi Newala na fonografu yake, akanasa nyimbo za wenyeji. Kisha mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na Kiunguja kikawa ndicho sanifu. Ndiyo maana kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inanuka chumvi.

Maneno ya nyumba nayo yamesafiri, tena mengine yamepinduka njiani. Sakafu tunayoikanyaga, kwa Waarabu ni paa. Ghorofa kwao ni chumba tu. Dirisha ni la Kiajemi. Gereza, wasemavyo wataalamu, ni kanisa la Mreno! Lakini mswahili hakukopa kila kitu. Mti unaolala juu ya ukuta kushikilia paa aliuita mtambaapanya, na kila aliyelala chini ya makuti anajua kwa nini. Siku hizi zimekuja bati na kenchi, na kombamoyo unamuuliza kijana wa mjini anakutumbulia macho.

Hata lugha za kubuni haziponi. Marc Okrand alipotoa mwaka 1985 kamusi ya Kiklingoni, lugha ya wapiganaji wa filamu za Star Trek, alikuwa na neno la mahali anaposimama nahodha kuamrisha chombo, lakini hakuwa na la daraja la kuvukia mto. Filamu ilikuwa ya vyombo vya angani, mito ya nini?

Kosa lake linasameheka, maana Waklingoni hawapo. Wamakonde wapo. Waliosanifisha lugha yetu walisimama ufukweni wakatazama baharini, wakaokota kila kamba na kila ubao, na bara wakaipa kisogo. Kiswahili kilichokopa Uajemi na Ureno kilisita kukopa Newala. Wazee waliojenga kwa miti, udongo na nyasi wanazidi kupungua, na majina ya kazi yao wanaondoka nayo.

Mwanafunzi wa Newala akifungua kamusi leo ataikuta omo, ataikuta tezi, ngama na foromali, sehemu za chombo ambacho pengine hajakiona. Jina ambalo babu yake huliita nguzo ya kati ya nyumba yao, hilo hatalikuta.