Michembe, Bada na Makande: Majina ya Vyakula vya Kwetu katika Kiswahili

Katika mitaa ya Kiwalani swali "Kwenu ni wapi?" haliulizi nyumba ya mtu. Mtoto aliyezaliwa Bombom, ambaye hajawahi kuvuka Mto Ruvu, hujibu bila kusita kwamba kwao ni Shinyanga, au Muheza, au Newala. Kiwalani ni anakokaa. Kwao ni walikotoka wazazi wake. Kata hii ya Wilaya ya Ilala, jirani ya Vingunguti na uwanja wa ndege, ilipokea familia nyingi za watu waliofuata kazi katika viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere. Watoto wa familia hizo hupajua kwao kwa chakula kabla ya kupajua kwa macho.

Makala haya yanahusu majina ya vyakula hivyo: ni lini jina la chakula cha nyumbani huwa neno la Kiswahili, na mfasiri au mwalimu alitendee vipi. Jambo hili si dogo. Mtunga kamusi anapoandika "aina ya chakula" na kuishia hapo, mtumiaji huondoka kama alivyokuja. Na mwalimu anapolikata neno kwa kalamu nyekundu, mwanafunzi hujifunza kwamba jiko la mama yake halina lugha.

Cha kwetu, cha asili, cha kienyeji

Vivumishi hivi vitatu huchukuliwa kuwa visawe, navyo si visawe. "Chakula cha asili" ni lugha ya mabango ya migahawa na ya hotuba. Humaanisha chakula cha jadi kwa jumla, bila kumtaja mwenyewe. "Cha kienyeji" hupambanishwa na "cha kisasa": kuku wa kienyeji, mboga za kienyeji, pombe ya kienyeji. Neno hili lina nyuso mbili. Kwa kuku ni sifa, na bei hupanda. Lakini ukisema fundi amejenga "kienyeji", umemtukana. Mfasiri asilitumie pasi na kutazama linakaa karibu na nini.

"Cha kwetu" hubadilika kufuata msemaji. "Hiki ni chakula cha kwetu" ni fahari, pengine ni mwaliko. "Anapenda vya kwao" kinaweza kuwa kijembe. Hakuna kivumishi cha tatu kinachobeba uhusiano huo, kwa hiyo katika masimulizi ya utotoni "cha kwetu" hakifai kubadilishwa kuwa "cha asili", hata kama mhariri anadai kwamba lugha itakuwa rasmi zaidi.

Mboga na kitoweo

Kabla ya kuyafikia majina yenyewe, kuna neno moja la kila siku linalowakwaza wafasiri kuliko yote. Mtu wa Kiwalani akitumwa gengeni kununua mboga anaweza kurudi na dagaa, na hakuna atakayeona kwamba amekosea. "Leo mboga ni nini?" "Nyama." Mazungumzo haya ni ya kawaida katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara. Unguja na Mombasa yangeleta mshangao, kwani huko mboga ni majani na mazao ya bustani, na kinacholiwa pamoja na wali au ugali ni kitoweo, nomino iliyotokana na kitenzi "towea".

Maana pana ya "mboga" haikutokana na uzembe wa wasemaji. Lugha nyingi za Kibantu za bara zina neno moja la kila kinachosindikiza ugali, kiwe nyama, samaki au majani: Wachewa husema "ndiwo", Wabemba husema "umunani". Wasemaji wa lugha za namna hiyo walipokuja katika Kiswahili waliikuta "mboga" na kuipa kazi waliyoizoea. Ndiyo sababu "mboga za majani" si urudufishaji wa bure. Kwa kuwa mboga inaweza kuwa nyama, majani sharti yatajwe.

Zingatia sentensi hii: "Usiku ule hatukuwa na mboga." Mfasiri akiandika kwamba familia ilikosa majani ya kijani, amepotosha. Sentensi inasema kwamba ugali ulikuwepo lakini hapakuwa na chochote cha kuulia. Inazungumzia umaskini, haizungumzii lishe bora. Tazama pia umbo hilo "kuulia": ni kauli ya kutendea ya "la", na katika "mboga ya kulia ugali" halihusiani na machozi, ingawa watani hawaachi kulichezea.

Michembe na matobolwa

Hapa naomba niruhusiwe kuingia mwenyewe. Mama yangu alitoka Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa shule ya msingi, tulipewa insha juu ya chakula tukipendacho, nami nikaandika juu ya michembe. Daftari lilirudi na neno hilo limekatwa kila lilipotokea, na juu yake pameandikwa "viazi vikavu". Mama alilisoma, akauliza: "Sasa viazi vikavu ndiyo nini, mwanangu? Nani amekupa viazi bila chai?"

Alikuwa na haki kuliko mwalimu. Katika Kiswahili cha Dar es Salaam, kivumishi "-kavu" kikiambatana na chakula mara nyingi humaanisha "bila kisindikizo": chai kavu ni chai isiyo na kitafunwa, ugali mkavu ni ugali usio na mboga. Kwa msikilizaji wa Kiwalani, basi, viazi vikavu ni viazi vilivyochemshwa na kuletwa mezani peke yake. Masahihisho yalikuwa yameondoa neno sahihi na kuweka lenye maana nyingine.

Michembe hutokana na viazi vitamu vibichi. Baada ya kuvunwa huachwa vinyauke, humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Matobolwa hutokana na viazi hivyohivyo, ila huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Tofauti hii ya hatua moja hubadili kila kitu kinachofuata. Michembe ni mibichi bado, kwa hiyo lazima ichemshwe, aghalabu pamoja na karanga. Matobolwa yameshaiva, na mtoto anaweza kuyatia mfukoni na kuyatafuna njiani. Vyote viwili ni akiba. Usukumani mvua ni za msimu, na viazi vikiachwa ardhini wakati wa kiangazi hushambuliwa na fukusi. Kuvikausha ndiko kunakoifikisha familia kwenye mvua nyingine. Wateso wa Uganda, wenye tatizo hilohilo, nao wana maneno mawili: "amukeke" kwa vilivyokatwa vipande na kukaushwa, "inginyo" kwa vilivyopondwa na kukaushwa. Jamii mbili zisizozungumza lugha za ukoo mmoja zimeona haja ya maneno mawili. Kusema "viazi vikavu" ni kufuta tofauti ambayo wenye viazi wameilipia.

Wanafunzi wangu hupenda kudai kwamba "matobolwa" linatokana na "kutoboa". Kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili. Neno hili ni la Kisukuma, na hakuna anayetoboa chochote katika utayarishaji wake.

Ningependa kusema kwamba tangu insha ile sikuwahi kumtendea mtu nilivyotendewa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasahihisha tafsiri ya mwanafunzi, nikakuta ameliacha "matobolwa" lilivyo. Kalamu yangu ilikuwa imeshaandika pembeni "tafuta kisawe". Alikuja ofisini na kuuliza kwa adabu: "Mwalimu, kisawe kipi?" Sikuwa nacho. Nilimrudishia alama zake.

Ugali, bada na udaga

"Ugali" bila kivumishi, nchini Tanzania, ni wa mahindi. Haikuwa hivyo daima, kwa kuwa mahindi yenyewe yalikuja kutoka Amerika. Mtama na uwele vilikuwa sufuriani kabla yake. Leo ugali wa mtama ndio unaohitaji maelezo. Ndani ya mahindi kuna sembe, unga uliokobolewa, na dona, unga wa punje nzima. Wenye umri mkubwa watakumbuka pia unga wa yanga, jina la mzaha lililopewa unga wa mahindi ya njano ya kutoka nje katika miaka ya uhaba, kwa kuwa njano ni rangi ya klabu ya Yanga. Vijana husema "nguna". Mwambao wa Kenya husema "sima".

Kwa muhogo mambo ni magumu zaidi. Baba yangu, mtu wa Muheza, hakuita ugali wa muhogo "ugali". Aliuita bada, na kwake bada halikuwa aina ya ugali bali mwenzake. Husongwa kwa unga wa makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa. Huvutika mkononi, nalo hudai mchuzi wa samaki wenye nazi. Kanda ya Ziwa unga wa muhogo mara nyingi ni wa udaga: muhogo huvundikwa kwanza, kisha hukaushwa, na harufu yake humtambulisha kabla ya sufuria kufunuliwa. Mpeleke mtu wa Tanga na mtu wa Ukerewe kwa mama lishe mmoja, wote waagize "ugali wa muhogo", na yamkini mmoja wao atalalamika kwamba ameletewa kitu kingine. Mama lishe hana kosa. Kosa ni la istilahi iliyowafunika wote wawili kwa kifuniko kimoja.

Kisarufi, bada aghalabu hupatanishwa katika ngeli ya [li-/ya-]: "bada hili limepoa". Udaga hufuata [u-]: "udaga umekauka".

Makande

Mahindi na maharage, au kunde, vilivyochemshwa pamoja. Pwani hujulikana pia kama pure. Kenya ni githeri, neno la Kikikuyu lililoingia Kiswahili cha huko bila kubadilishwa, na Wakamba huyakoboa mahindi kwanza wakayaita muthokoi. Upatanisho wa makande ni [ya-]: "makande yameiva".

Fasili ni rahisi. Uzito wake ndio mgumu. Kwa mtu wa Same au Mwanga makande ni nyumbani, na Wapare hutaniwa kwayo nchi nzima. Kwa aliyesoma shule ya bweni ni kengele ya saa saba mchana na foleni yenye sahani za plastiki. Mhusika wa riwaya anaposema "nimeyakumbuka makande", mfasiri ajue kwanza anayesema ni nani.

Neno la nani?

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kukisanifisha ilifanya kazi kwa msingi huo. Basi jiko lililokuwa karibu zaidi na kamusi lilikuwa la pwani: bokoboko, tui, kisamvu, vitumbua. Majiko ya bara yalikaa nje ya mlango, si kwa uamuzi wa mtu bali kwa umbali. Sasa wenye majiko hayo wamehamia mjini na wanazungumza Kiswahili kutwa kucha, na kipimo cha "hili ni neno la kabila" hakitoshi tena.

Kipimo ninachokitumia ni cha gengeni: je, mnunuzi asiye wa kabila hilo huagiza kwa jina hilo bila kuelezwa, na huliwekea upatanisho sahihi? Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama ya Wachaga, ulivuka zamani. Huuzwa asubuhi na watu wa makabila yote, hupelekwa kwa mzazi aliyetoka kujifungua, na kila mtu husema "mtori umepoa". Senene wa Kagera nao wamevuka, ingawa upatanisho unayumba: "senene wameingia" wakiwa hai, lakini kwenye sahani utasikia "senene zimeisha", kama ilivyo kwa dagaa. Katika maandishi rasmi baki na [a-/wa-]. Ming'oko, mizizi ya porini ya Mtwara na Lindi inayochimbwa na kuchemshwa, bado iko mlangoni; anayeiandika azingatie kibainishi, kwani ng' hapa ni ile ya "ng'ombe".

Michembe, kwa kipimo hicho, iko nusu ya njia, na hiyo si sababu ya kuikata. Mfasiri aliache neno, kisha alieleze mara moja ndani ya sentensi yenyewe: "michembe, viazi vilivyokaushwa vibichi, ilichemka jikoni". Baada ya hapo neno litajitegemea. Kamusi nayo ingeweza kuliweka hivi:

michembe nm [u-/i-] vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi ili kuhifadhiwa. Huchemshwa kabla ya kuliwa, mara nyingi pamoja na karanga. Umoja "mchembe" ni nadra. Asili: Kisukuma. Mfano: Michembe hii haijakauka, itaota ukungu. Linganisha: matobolwa.