Siri ya mawe yaliyoliokoa kanisa la Notre-Dame

JIONI ya Aprili 15, 2019, maelfu ya watu walisimama kandokando ya Mto Seine jijini Paris, Ufaransa, wakitazama kanisa kuu la Notre-Dame likiteketea. Muda mfupi kabla ya saa mbili usiku, mnara mwembamba uliokuwa katikati ya paa ulikatika na kuporomoka. Wengi walihofu kwamba kufikia alfajiri pangebaki majivu tu.

Kulipokucha, hata hivyo, kuta zilikuwa zingali wima, minara miwili ya mbele ilikuwa mahali pake, na sehemu kubwa ya dari ya mawe ilikuwa haijaanguka. Wazimamoto walifanya kazi ya kishujaa usiku huo. Lakini jengo lenyewe pia lilijitetea, na utetezi huo ulikuwa umeandaliwa na waashi waliofariki karne nyingi zilizopita.

Ujenzi wa Notre-Dame ulianza mwaka wa 1163, wakati Maurice de Sully alipokuwa Askofu wa Paris, na ukakamilika 1345. Kanisa hilo lina urefu wa takriban mita 128 kutoka mlangoni hadi nyuma ya altare. Minara yake ya mbele ina kimo cha mita 69, nayo dari ya ndani iko mita 33 juu ya sakafu.

Kimo hicho kilikuwa tatizo kubwa kwa wajenzi wa wakati huo. Dari ya mawe haikandamizi kuta kuelekea chini pekee, bali pia huzisukuma nje. Ndiposa makanisa ya awali yalikuwa na kuta nene, madirisha madogo na giza ndani.

Mtindo wa Kigothi ulitatua jambo hilo kwa mbinu tatu. Kwanza, tao la duara liliachwa na pahali pake pakachukuliwa na tao lenye ncha, ambalo huteremsha uzito zaidi badala ya kuusukuma pembeni. Pili, dari ilijengwa juu ya mbavu za mawe zinazokutana juu kama vyuma vya mwavuli, zikikusanya uzito na kuushusha katika nguzo. Tatu, nje ya kanisa yalijengwa matao makubwa yanayoegemea kuta na kuzizuia zisifunguke.

Kwa kuwa mzigo ulibebwa na nguzo na matao hayo, kuta zingeweza kutobolewa madirisha mapana. Hapo ndipo vioo vya rangi vilipopata nafasi. Dirisha la duara la upande wa kusini, lenye umbo la ua, lina kipenyo cha karibu mita 13.

Juu ya dari ya mawe palikuwa na paa la mbao za mwaloni lililofunikwa kwa mabamba ya risasi. Mbao hizo zilikuwa nyingi kiasi kwamba Wafaransa waliliita paa hilo “msitu”. Msitu huo ndio ulioteketea. Dari iliyokuwa chini yake iligeuka ngao: ilitobolewa pale mnara ulipoanguka na mahali pengine pachache, lakini ilizuia sehemu kubwa ya moto kushuka kanisani.

Aidha, mkasa huo ulifichua jambo ambalo wataalamu hawakulifahamu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023 ulionyesha kwamba waashi walikuwa wameyafunga mawe kwa vibanio vya chuma tangu miaka ya 1160, hivyo kulifanya kanisa hilo kuwa la kwanza linalojulikana la Kigothi kutumia chuma kwa wingi namna hiyo.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Notre-Dame kujeruhiwa. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, sanamu za wafalme wa Yuda zilikatwa vichwa mwaka wa 1793 kwa kudhaniwa kuwa wafalme wa Ufaransa. Riwaya ya Victor Hugo ya 1831 iliamsha huruma ya umma, na ukarabati ukafuata chini ya wasanifu Lassus na Viollet-le-Duc. Mnara ulioanguka 2019 ulikuwa wa Viollet-le-Duc, uliokamilika 1859.

Ndiyo maana mjadala mkali ulizuka baada ya moto. Je, mnara mpya uwe wa kisasa, au ule wa karne ya 19 urudishwe? Msanifu mkuu wa kanisa hilo, Philippe Villeneuve, alisisitiza kwamba urudishwe ulivyokuwa, na mwaka wa 2020 serikali ikakubali. Maseremala walichonga mihimili ya mwaloni kwa shoka za mkono, wakiongozwa na michoro ya paa la zamani iliyotayarishwa miaka michache kabla ya mkasa. Safari hii, hata hivyo, paa liliwekewa mitambo ya kunyunyiza ukungu wa maji iwapo moto utazuka.

Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 7, 2024, lakini ubishi haukuisha. Mwezi huo huo, msanii Claire Tabouret aliteuliwa kubuni vioo vipya vya vikanisa sita vya upande wa kusini, vichukue nafasi ya vioo vya Viollet-le-Duc ambavyo moto haukuvidhuru. Zaidi ya watu 140,000 walitia saini kupinga mpango huo, nayo tume ya taifa ya turathi ilikuwa imeukataa mapema mwaka huo.

Wanaoupinga husema kilichonusurika hakifai kuondolewa. Wanaouunga mkono hukumbusha kwamba kila kizazi kimeacha alama yake katika kanisa hilo, Viollet-le-Duc mwenyewe akiwa miongoni mwao.