Miaka ya 1960 nchini Tanzania

Miaka ya 1960 nchini Tanzania ni kipindi ambacho nchi mbili zilizokuwa chini ya Uingereza, yaani Tanganyika na Zanzibar, zilipata uhuru, zikaungana na kuanza kufuata siasa ya ujamaa. Katika miaka hiyo yalitokea mapinduzi, maasi ya wanajeshi na mgogoro na Uingereza. Mambo mengi yanayoitambulisha Tanzania hadi leo, kama vile Muungano, Jeshi la Wananchi na nafasi ya Kiswahili serikalini na shuleni, yalianza au kuimarishwa wakati huo. Baadhi ya maamuzi hayo yalifanywa kwa haraka, kama jibu kwa msukosuko uliokuwepo, na baadhi yaliwaumiza wananchi.

Uhuru wa Tanganyika

Katika uchaguzi wa mwaka 1960, chama cha TANU kilishinda viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Julius Nyerere akawa Waziri Kiongozi, na baada ya madaraka ya ndani kupatikana tarehe 1 Mei 1961 akawa Waziri Mkuu. Tanganyika ikapata uhuru kamili tarehe 9 Desemba 1961.

Januari 1962 Nyerere alijiuzulu ili akijenge upya chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Mwisho wa mwaka huo Nyerere aligombea urais dhidi ya Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC, akashinda kwa zaidi ya asilimia 98 ya kura. Nchi ikawa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwekwa Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa, na kazi zao zikachukuliwa na watumishi wa serikali.

Mapinduzi ya Zanzibar

Zanzibar siasa ilikuwa na mvutano mkali. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP ulipata viti 18 kati ya 31 na kuunda serikali. Uhuru ulitolewa tarehe 10 Desemba 1963, Waziri Mkuu akiwa Mohammed Shamte na mkuu wa nchi akiwa Sultani Jamshid bin Abdullah.

Serikali hiyo ilidumu kwa mwezi mmoja tu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 ilipinduliwa na watu waliovamia vituo vya polisi na kuchukua silaha. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, mzaliwa wa Uganda, lakini uongozi wa nchi ulichukuliwa na Abeid Amani Karume wa ASP. Sultani alikimbia na baadaye akaishi Uingereza. Maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wakiwa na asili ya Kiarabu, na wengine wengi walikimbilia bara, Oman na nchi nyingine. Serikali ya Mapinduzi ilitaifisha ardhi na kugawa mashamba ya ekari tatu kwa wakulima.

Maasi ya jeshi na Muungano

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito (leo Lugalo), Dar es Salaam, waliasi wakidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Maasi yalienea hadi Tabora, na katika wiki hiyohiyo askari wa Uganda na Kenya pia waliasi. Nyerere alilazimika kuomba msaada wa Uingereza, na makomando wake waliyazima maasi hayo tarehe 25 Januari. Jeshi la zamani lilivunjwa, na Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), ambalo lilichukua vijana wengi kutoka TANU na Jeshi la Kujenga Taifa.

Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, na Muungano ukaanza tarehe 26 Aprili. Wananchi hawakupigiwa kura suala hilo. Zanzibar ilibaki na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Jina la "Tanzania" lilitangazwa Oktoba mwaka huohuo.

Chama kimoja

Katiba ya muda ya mwaka 1965 ilihalalisha mfumo wa chama kimoja: TANU upande wa bara na ASP upande wa Zanzibar. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Septemba 1965 wapigakura wa bara waliweza kuchagua kati ya wagombea wawili wa TANU katika majimbo mengi, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Baadhi ya mawaziri walishindwa, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani.

Huko Zanzibar hapakufanyika uchaguzi wa namna hiyo hadi mwaka 1980. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, waliowahi kuwa viongozi wa ASP, walikabidhiwa na serikali ya Muungano kwa serikali ya Zanzibar mwaka 1969, wakauawa huko.

Mambo ya nje na ukombozi wa Afrika

Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Chama cha FRELIMO cha Msumbiji kilianzishwa mjini humo tarehe 25 Juni 1962, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa humohumo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu tarehe 3 Februari 1969.

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kuwa haikuchukua hatua za kutosha dhidi yao. Uamuzi huo uliikosesha Tanzania mkopo wa pauni milioni 7.5. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1968. Wakati huo nchi ilikuwa imekaribiana na China, ambayo mwaka 1967 ilikubali kujenga reli ya kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam. Mwaka huohuo Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Azimio la Arusha

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa vyuo na sekondari waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Mamia yao walifukuzwa masomoni. Nyerere, akikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, alipunguza wake kwa asilimia 20.

Tofauti ya kipato kati ya viongozi na wananchi ilikuwa mojawapo ya sababu za Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Azimio lilisisitiza ujamaa na kujitegemea, na liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Siku iliyofuata benki zilitaifishwa. Baadaye yalifuata makampuni makubwa ya biashara na viwanda. Watu wengi walifanya matembezi ya kuliunga mkono, na kijana Seti Benjamin alifariki njiani. Oscar Kambona, mmoja wa viongozi wakuu wa TANU, aliondoka nchini Julai 1967 na kuishi uhamishoni London.

Jamii

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu zaidi ya milioni 12, wengi wao wakiishi vijijini. Septemba mwaka huo Nyerere alitoa maandiko kuhusu ujamaa vijijini, akisema watu waingie kwa hiari yao. Mfano uliosifiwa sana ulikuwa vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambavyo wakulima waliviendesha wenyewe. Hata hivyo, mwaka 1969 TANU ilikivunja chama hicho, na katika muongo uliofuata mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu.

Mijini kulitokea mabishano kuhusu mavazi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza "Operesheni Vijana", iliyopiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua kuanzia Januari 1969. Wanawake kadhaa walishambuliwa mitaani Dar es Salaam. Katika barua za magazetini wasomaji walibishana kama kweli mavazi hayo yalikuwa adui wa utamaduni wa taifa, na kwa nini waliosumbuliwa zaidi walikuwa wanawake.

Lugha, elimu na sanaa

Desemba 1962 Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Januari 1967 Kawawa aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa kwa sheria ya mwaka huo. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ilitolewa Machi 1967, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Sekondari na vyuo viliendelea kutumia Kiingereza, jambo linalojadiliwa hadi leo.

Katika fasihi, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka mwaka 1960, na Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Nyerere alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, zilizotolewa mwaka 1963 na 1969. Baada ya Azimio, mshairi Mathias Mnyampala alieneza ngonjera kama njia ya kueleza siasa mpya. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alitoa tamthiliya ya Kinjeketile, kuhusu Vita vya Maji Maji.

Muziki wa dansi ulistawi kupitia bendi kama Western Jazz, Morogoro Jazz na NUTA Jazz, ambayo iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mnamo mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za mafuta, na mtindo wake ukapewa jina lake.