Mtoto amechelewa kuongea: anza na masikio

Swali hili hutufikia karibu kila tunapozungumzia malezi: mtoto ana miaka miwili na nusu, anasema "mama" tu, nifanyeje? Mtaani mzazi huambiwa asubiri, kwa kuwa hata baba yake alichelewa. Au huambiwa mtoto ana udata, akakatwe ule uzi wa chini ya ulimi.

Udata upo. Unaweza kumpa mtoto mchanga shida ya kunyonya, na baadaye kutamka baadhi ya sauti. Lakini haumzuii kujifunza maneno. Mtoto asiye na maneno kabisa ana sababu nyingine, na kumkata kwa wembe nyumbani kunaweza kumletea kutokwa damu nyingi na maambukizi bila kumwongezea hata neno moja.

La kwanza kuchunguza ni usikivu, maana mtoto hujifunza maneno kwa kuyasikia. Aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano kali, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au ambaye sikio lake hutoa usaha mara kwa mara, anaweza kuwa na usikivu hafifu. Mlango ukibamizwa anashtuka. Ukimwita kwa sauti ya kawaida hageuki. Wengi huitwa wakaidi. Mwite jina akiwa amekupa mgongo, bila kupiga kishindo, kwani anaweza kuhisi mtikisiko. Hata akigeuka, bado apimwe.

Mwaka mmoja hageuki akiitwa wala hatoi sauti kama "ba-ba-ba". Mwaka na nusu hana neno. Miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "mama maji". Au umri wowote anapoteza maneno aliyokuwa nayo: usisubiri. Mwambie muuguzi siku ya kliniki. Wazazi wengi hupima uzito, mtoto akachanjwa, wakaondoka bila kulitaja, na mzani hauonyeshi lugha. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kama mtoto pia hakutazami usoni wala haonyeshi vitu kwa kidole, yaseme hayo, ili achunguzwe usonji.

Tiba ipo hapa nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, na mtoto anayewahi hufaidika zaidi.

Wakati mnasubiri rufaa, kazi ya nyumbani haihitaji kununua kitu. Kaa usawa wa macho yake, taja mnachofanya: "Tunamenya ndizi. Ndizi kubwa." Akisema "ji", mjibu, "Ndiyo, maji. Unataka maji." Usimcheke, usimlazimishe arudie. Ukimuuliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumjibia. Kaka na dada zake nao waambiwe, maana hao ndio wepesi wa kumsemea.

Lugha mbili hazimcheleweshi. Kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kihehe, mwongeleshe hicho mnachokijua vizuri. Kiswahili atakipata kwa majirani. Simu tunajua inamtuliza mama akiwa jikoni, ila haimsubiri mtoto ajibu. Redio nayo haimsubiri, tukiri. Kwa hiyo hata kipindi chetu kizimeni mkiwa mnaongea naye.